Hekalu la Tatu

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi, nilimfunga mkanda wa gari bibi wa Toongabbie, kitongoji cha Sydney, niliyekuwa nikimhudumia. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mombasa, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, lugha ambayo mwanawe, aliyeniajiri, haijui.

Zamani, mumewe alipougua, bibi aliweka nadhiri ya kuhiji mahekalu manne ya milimani India. Mume akapona, hija haikufanyika. Sasa daktari alikuwa amemkataza kusafiri kwa ndege. Kuhani akampa njia nyingine: mahekalu manne ya hapa Sydney, kwa siku moja, kwa mpangilio, akiwa amefunga.

Ratiba niliiandaa mimi. Nilisoma wiki mbili juu ya hija hizo, nikapima barabara, nikaandika hata dakika za kuvua viatu na za kuzunguka kila madhabahu, mkono wa kulia ukiwa upande wa mungu.

Tulifika hekalu la tatu saa sita na robo. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Mungu amelala," akasema. "Hadi saa kumi."

"Mungu analala mchana, Mama?"

"Kwani wewe ukishiba ugali husinzii?"

Alicheka peke yake. Mimi Mkristo nilikuwa nimeandika saa ya kufungua na saa ya kufunga. Ya katikati sikuwahi kuiulizia. Nikasema twende kwanza la nne. Akakataa: mpangilio ukivunjika, nadhiri imevunjika.

Zamu yangu ilikuwa inaisha saa nane. Nilimpigia mwanawe nikaomba saa nne zaidi. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba mahekalu hayahami.

"Amesemaje?"

"Wiki ijayo, Mama."

"Basi njaa yangu ya leo ni ya bure."

Ningeweza kubaki naye bila malipo. Sikuwa na kazi nyingine siku ile. Nilijiambia kanuni haziruhusu, nikamrudisha nyumbani, nikampashia dengu. Alikula bila kunitazama.

Jumatano akapata kiharusi. Yuko kwenye nyumba ya wazee, hasimami wala hasemi. Mwanawe aliniambia hakuna ambaye angejua kwamba kiharusi kingekuja, na ni kweli. Lakini saa nne alizoninyima naijua bei yake, na hicho ndicho alichookoa: dola mia mbili na themanini.