Kumbukumbu ya Fundi Vitalisi, na Ombi Kuhusu Pikipiki Yake ya Mbao

Kwa wanafamilia wa marehemu Fundi Vitalisi, mliopo kata ya Ramadhani, Njombe. Na kwenu ndugu, jamaa na marafiki mnaofuatilia ukurasa huu: nawasalimu kwa heshima. Kamwene.

Dhumuni la andiko hili ni mambo mawili: kumuaga rafiki yangu, na kuwasilisha ombi kuhusu pikipiki yake ya mbao kabla ya kikao cha Jumamosi cha kugawa vitu vya marehemu.

Nakiri kwamba akili yangu bado inakataa. Jana nilipita mbele ya karakana yake hapa Lyamkena, Makambako, mkono ukanyanyuka wenyewe kumpungia. Mlango ulikuwa na kufuli.

Kwa wasiomfahamu, Vitalisi alikuwa seremala wa hapa Makambako. Alitengeneza vitanda, makabati na mabenchi ya kanisani. Kisha siku moja akatangaza mbele ya mafundi wenzake kwamba ataunda pikipiki ya mbao, na ataiendesha mwenyewe.

"Ikinyeshewa itaota uyoga, fundi," mmoja akamwambia.

"Basi nitauza uyoga," akajibu, akaendelea kupiga randa.

Fremu, uma wa mbele, tangi, usukani na magurudumu, vyote vilikuwa vya mbao. Ekseli aliichonga kwa mti wa mwati kwa sababu ya ugumu wake. Mbao zote alizikausha kwanza darini mwa jiko, moshi ukizipitia, hadi mkewe, Mama Anjela, akalalamika kwamba ugali umeanza kunukia karakana.

Chuma hakikukwepeka mahali pamoja tu, yaani kwenye injini. Aliitoa katika chenso mbovu, ule msumeno wa mnyororo tunaokatia miti. Hapo ndipo lilipozaliwa kosa ambalo Lyamkena haitalisahau.

Asubuhi ya test, aliiwasha kando ya mashamba yetu ya miti. Sasa, mtu wa huku akisikia chenso shambani kwake bila taarifa, haulizi swali. Anachukua panga.

Tulitoka wanaume kwa wanawake. Mimi nilikuwa na shoka, kwa kuwa nina paini zangu upande ule.

"Tokeni humo, wezi wa miti!"

Ukungu ulikuwa mzito. Tuliisikia chenso ikitujia mbio, jambo ambalo chenso haina desturi ya kulifanya. Wengine walianza kurudi nyuma.

Akatokea Vitalisi, mgongo umenyooka kama padri kwenye maandamano, koti limefungwa hadi shingoni.

"Kamwene jamani! Sogeeni, breki bado sijaweka!"

Tulisogea. Akaingia moja kwa moja kwenye mianzi ya kugema pombe ya ulanzi, akatoka akicheka, jani limemganda kwenye sharubu. Mwenye mianzi alijaribu kukasirika, akashindwa. Akaomba naye aendeshe.

Breki ziliwekwa wiki ile ile.

Nakumbuka Mama Anjela akiikagua pande zote, mikono kiunoni. "Baba Anjela, huu ni usafiri au ni mzaha?"

"Panda kwanza, utajijibu mwenyewe."

Alikaa upande, kitenge kimekazwa, wakaenda Misa ya Jumapili. Wanakwaya walikuwa nje wakipasha sauti. Wimbo uliishia katikati.

Ekseli aliipaka mafuta ya nguruwe, hivyo kila alikopita mbwa walimsindikiza kwa upendo mkubwa. Hakuwafukuza hata mmoja. Alisema kiongozi bila msafara si kiongozi.

Binti yake mkubwa, Anjela, ni fundi pia. Alijifunza kazi kwenye meza ile ile ya baba yake. Vitalisi alipoanza kuugua, gurudumu la nyuma lilipasuka, na Anjela akachonga jipya bila kuagizwa na mtu.

Nilikuwepo mzee alipoletewa gurudumu hilo kitandani alikague. Alilizungusha, akapitisha kidole ukingoni, akanigeukia. "Angalia finishing hiyo. Huyu amenipita, bwana. Amenipita kabisa!" Siku ile alikula vizuri.

Sasa nafika kwenye ombi.

Kaka Kastori, kaka mkubwa wa marehemu, amependekeza pikipiki iwekwe juu ya kaburi na ijengewe banda la bati. Alinieleza kwa uchungu: "Mdogo wangu hakuacha ghorofa. Watu watamkumbuka kwa hiki. Na binti ataolewa, kitu kitatoka kwenye ukoo."

Naiheshimu hoja hiyo, na naomba kwa unyenyekevu kutofautiana nayo. Mvua za Njombe hupita hata chini ya bati, na ubao usiofanya kazi huozea pale ulipo. Aidha, marehemu hakuunda pikipiki ya kutazamwa. Kila aliyesimama kuishangaa aliulizwa swali moja tu: "Unaendesha?"

Anjela hajaomba chochote. Nilipomuuliza, alisema (huniita baba mdogo kwa urafiki wangu na baba yake): "Baba mdogo, mimi sitaki kugombana na baba mkubwa. Ila wakiiweka kaburini, nani atakuwa anaipaka mafuta?"

Naamini hata kikao hakitakuwa na jibu la swali hilo.

Vitalisi, ndugu yangu, umeishi vizuri na umetuchekesha sana. Nina huzuni, lakini kila nikikukumbuka naishia kutabasamu, na sioni sababu ya kuuficha ukweli huo. Lala unono, fundi. Kazi yako imekaa sawa.

Kwa kuhitimisha: naiomba familia, kupitia kikao cha Jumamosi, itamke wazi iwapo pikipiki atakabidhiwa Anjela aendelee kuitumia na kuitunza, au hapana. Mimi napendekeza akabidhiwe. Naomba uamuzi.