Kiapo cha Chini ya Dungu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki moyoni, ingawa mengi ya ujana wangu yameshanitoka kama maji kwenye kikapu. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, mimi binti wa miaka kumi na saba pale Ifakara, na bonde lote la Kilombero lilikuwa limejaa maji. Mpunga ulikuwa unatia maziwa. Asubuhi ukungu ulilala juu ya mashamba hata usijue mpunga unaishia wapi na mto unaanzia wapi, na sauti za watu zilitoka ndani ya ukungu ule bila kuwaona watu wenyewe. Nikifumba macho sasa hivi bado nazisikia.

Nakuambia haya kwa sababu jana nilikusikia ukiongea na simu hapo barazani. Dakika chache tu, umeapa mara nne. Haki ya Mungu, nife leo leo, sijui nini! Na habari yenyewe, niwie radhi, ilikuwa ya viatu. Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. Hebu sogeza kigoda, ukae karibu, maana siku hizi sauti yangu haifiki mbali.

Usidhani nakuonea. Mimi Skolastika nilikuwa hodari wa kuapa kukushinda wewe. Sisi watoto wa misheni tulikuwa na viapo vya kila namna. Tulisema wallahi kama tulivyosikia madukani kwa watu wa pwani, tulisema haki ya Mungu, tulilamba kidole tukakipitisha shingoni na kukielekeza juu. Jumapili tunaimba kanisani, Jumatatu tunamburuta Mungu kisimani aje awe shahidi wa nani alitangulia kuweka mtungi. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Wangu mimi ulikuwa hauna hata haya.

Mama yetu alifariki nikiwa bado nanyonya. Aliyenilea ni dada yangu Leokadia, aliyenipita miaka tisa. Mgongo wake ndio uliokuwa kitanda changu. Alipoolewa ng'ambo ya mto nilimlilia siku mbili, sikula. Mwaka huo ninaousema alikuwa mjamzito, na mume wake alikuwa amekwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, basi baba akanituma nivuke nikamsaidie dada kuamia ndege.

Wewe kuamia ndege hukujui. Unapanda dunguni, lile jukwaa la miti linalosimamishwa katikati ya shamba, kabla jua halijachomoza. Mkononi una kombeo la kurushia mawe, na mbele yako kamba zimefungwa makopo, ukizivuta shamba zima linapiga kelele. Kwelea kwelea hushuka asubuhi na jioni, wingi wao hausemeki, na ukisinzia kidogo tu wameshakunywa maziwa yote ya mpunga, wamekuachia makapi. Majuma yale ndiyo chakula cha mwaka mzima. Mtu haachi dungu hata kwa kiu.

Mimi asubuhi ile niliacha. Nilisikia wimbo. Vijana wa kwaya walikuwa wanavuka kwa mitumbwi kwenda misheni, na ndani ya ukungu ilikuwemo sauti moja niliyoijua. Usinitazame hivyo, na mimi nilikuwa binti! Nikashuka, nikapita kwenye matete mpaka ukingoni, nia yangu nimwone mara moja nirudi. Sikuona kitu. Ulipita wimbo tu ndani ya ukungu mweupe, ukaenda zake na maji, nami nikakaa pale miguu imo mtoni, nikiusikiliza hata ulipokwisha kusikika. Nilipozinduka jua lilikuwa limepanda. Nikakimbia, nikawakuta ndege wanainuka shambani kama vumbi la mkeka uliokung'utwa.

Nilikuwa nimesimama chini ya dungu, nahema, dada alipotokea na jirani zake wawili. Wakaliangalia shamba. Upande mzima wa mashariki ulikuwa umesimama mtupu.

"Skola," dada akaniuliza, "ulitoka?"

Neno moja lingetosha, mwanangu. Nilitoka, nisamehe. Lakini wale jirani walikuwa wananitazama, na mdomo wangu ulishazoea njia yake. "Haki ya Mungu sikutoka! Mungu anipofue macho kama nilishuka hata ngazi moja!"

Dada akanisogelea. Kisha akasema kwa sauti ya chini, nadhani alitaka wenzake wasisikie: "Mdogo wangu, usimtaje Mungu. Nilipanda huko juu mapema, dungu tupu. Nikavuta kamba peke yangu na tumbo hili mpaka kizunguzungu kikanishusha."

Jirani mmoja akasonya. Loo, msonyo ule! Niliusikia mpaka kwenye vidole vya miguu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia palepale mbele ya watu. Badala ya kuona aibu nikaona hasira. Nikapaza sauti: "Basi! Haki ya Mungu sitakula tena kitu cha mkono wako! Na nikiuvuka mto huu kuja kwako, maji haya yanimeze!"

Dada akaziba mdomo kwa upande wa kanga. "Skola, futa hayo maneno," akasema. Sikufuta. Nilichukua kifurushi changu nikavuka, na jioni nilikuwa kwa baba Ifakara.

Majuma matatu yakapita, ukafika wakati wa pepeta. Hiyo ni mpunga mchanga, haujakomaa sawasawa, unakaangwa, unatwangwa ungali moto mpaka punje zinalala bapa, laini, tamu, harufu yake inatoka nyumba hadi nyumba. Mimi na dada tulikuwa tunaitwanga pamoja tangu niweze kushika mchi, wawili kwenye kinu kimoja, na mtu hatwangi pepeta peke yake ila mwenye dhiki. Mwaka ule Leokadia aliitwanga peke yake, mimba imemwelemea, akanipelekea kikapu kidogo kwa mkono wa jirani.

Nikakirudisha. "Mwambieni nimeapa kwa Mungu," nikasema, na nilijiona mcha Mungu kweli! Juma lililofuata akaleta tena, nikarudisha tena. Baba akanitazama akaniambia hasira hasara, nami nikamjibu kwamba kiapo ni kiapo. Mara ya tatu hakikuja kikapu. Yule jirani alikuja mikono mitupu.

"Dada yako amejifungua mtoto wa kike," akasema. "Mtoto mzima. Mama ndiye mwenye homa siku ya nne, hali chochote, tukimpa uji anageukia ukutani. Anakutaja wewe."

Sasa hapo ndipo nilipojua nimejifunga kamba gani. Nilitaka kwenda, mwanangu, nilitaka sana. Lakini mto ulikuwa umefura mpaka kwenye migomba ya watu, na kila nilipoutazama niliyasikia maneno yangu mwenyewe: maji haya yanimeze. Niliamini yatanimeza kweli. Na nisipokwenda, dada yangu afe akiwa ameugeukia ukuta? Nikaenda kwa katekista wetu, Mzee Alfonsi, aliyetufundisha sala tangu utotoni. Nilimkuta nje ya nyumba yake akisuka mgono, ule mtego wa samaki wa fito.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Skola. Mbona macho mekundu?"

Nikamweleza yote, wimbo, dungu, viapo vyote viwili, vikapu nilivyorudisha. Yeye anasuka tu. Mwishowe nikasema, "Sasa nikivuka nitakuwa nimemvunjia Mungu neno."

"Kwani Mungu ndiye aliyekuomba hicho kiapo?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi usimsingizie." Alisema bila ukali, na ndiyo maana yaliniingia. "Yeye ameagiza tupendane. Wewe umemchukia aliyekubeba mgongoni, halafu ukampandisha Mungu dunguni, ukampa kombeo, akulindie hasira yako isije ikadonolewa. Huoni haya, binti?"

Nikalia. Akaniacha nilie, mzee yule hakuwa mtu wa haraka. Halafu akaniambia kwamba kiapo cha kutenda ubaya hakitimizwi, kinatubiwa. Kosa nililifanya nilipofungua kinywa, na kukitimiza ni kuongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Na kile cha uongo, cha kusema sikutoka, nikapige magoti kwa padri, lakini kwanza nikapige magoti kwa dada.

"Na maji, Mwalimu?" nikauliza.

Akaweka mgono chini, akajikung'uta magoti. "Yakikumeza wewe yatanimeza na mimi, maana kafi nitashika mimi. Twende."

Kuvuka kule mpaka leo nakuota. Hapakuwa na upepo. Maji yalikuwa mapana, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba mayungiyungi na visiwa vidogo vya majani vikienda polepole kana kwamba vinajua viendako. Juu mbingu, chini mbingu, sisi katikati tumekaa kwenye gogo lililochimbwa. Mahali fulani ndani ya matete kiboko alikoroma, nikashika kingo za mtumbwi nikafumba macho, nikangoja. Nilingoja mto uniite jina. Nilichosikia ni kafi tu likiingia na kutoka, na mzee akiguna kwa mgongo wake. Nilipofumbua macho mtumbwi ulikuwa umegusa nchi kavu, naye ananiambia nishuke, matope hayajamla mtu.

Dada alikuwa amelala kwenye mkeka, amegeukia ukuta kama nilivyoambiwa. Amekonda! Nikapiga magoti. Niliona namna kiapo kilivyonijia ulimini, haki ya Mungu dada, nikakimeza.

"Dada, nilishuka dunguni," nikasema. "Nilikwenda mtoni kusikiliza wimbo."

Akageuka taratibu. "Najua."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile. Nipe maji."

Nikampa maji. Kwenye kikapu darini ilikuwa imebaki pepeta ya mwisho, imekauka, nikailowesha kwa maji ya moto, nikala mbele yake, kisha nikamlisha kwa vidole vyangu. Akala kidogo, akalala, akaamka akala tena. Mzee Alfonsi alirudi na mtumbwi misheni akatuletea dawa kutoka kwa masista, na baada ya juma moja homa ikamwacha. Leokadia aliishi, tena aliishi sana, akazaa wengine wanne.

Ungedhani yameisha. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Lakini kusamehe ni jambo moja na kuamini ni jingine, mwanangu. Kusamehewa nilisamehewa siku moja. Kuaminiwa kulinichukua miaka. Kila nilipovuka kumsaidia kazi ilikuwa hivyo: nikimwambia dada, "Maharage yameiva," atanyanyuka akafunue chungu. Nikimwambia mtoto amelala, atachungulia. Hakufanya kwa ubaya, hata nadhani hakujua kwamba anafanya. Kwanza ananiangalia usoni, kitambo kidogo tu, ndipo anajibu. Kile kitambo kidogo kilinichoma kuliko msonyo wa jirani. Maji yakimwagika hayazoleki. Ulimi uliniwasha niape, niape sana, ili aniamini haraka. Nikaung'ata. Nikasema maharage yameiva, basi, nikanyamaza, akaenda akafunua chungu akakuta yameiva. Kesho hivyo. Mwakani hivyo.

Ikapita miaka minne. Siku moja mchana nikavuka mto na habari nzito. Dada alikuwa kinuni na wanawake wenzake, wanatwanga na kucheka. Nikasimama pale nikasema, "Dada, baba ametutoka."

Wale wanawake wakaanza, ati kweli? Haki? Umemwona wewe mwenyewe? Leokadia hakuuliza. Hakuniangalia usoni. Aliulaza mchi chini, akajifunga kanga kiunoni, akanipita akaenda mbele yangu kuelekea mtumbwini. Nikamfuata nyuma nikilia, na ndani ya msiba ule, Mungu anisamehe, kilikuwepo kipande cha moyo wangu kilichofurahi. Neno langu lilikuwa limetosha.

Basi nisikilize, mwanangu. Bwana wetu aliposema tusiape, ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo, hakutaka kutupunguzia maneno. Alijua kwamba anayeapa kwa kila jambo anakiri mwenyewe kuwa neno lake tupu halina kitu. Ziko siku utasimama altareni, au mbele ya hakimu, utaambiwa uape. Siku hizo apa kwa kutetemeka, na uwe hukulizoesha jina la Mungu kwenye habari za viatu. Ukikosa, sema nimekosa kabla jirani hajasonya. Na ukiwa umeshaapa jambo baya kwa hasira, usijivunie kulitimiza ukajiita mwaminifu. Tubu, upande mtumbwi, uende. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini ukishajikwaa ulimi usikae hapohapo chini.

Lete mikono yako. Mungu aliyenivusha maji niliyoyaapia akuvushe na wewe. Akulindie kinywa chako unapokasirika, akupe moyo usioogopa kusema kweli mbele ya watu. Na siku utakapobeba habari nzito kwa yule umpendaye, useme mara moja tu, naye anyanyuke akuamini. Amina.