Wa Pili Kutoka Mwisho

Miaka ya tisini nilikuwa nikifanya kazi katika kiwanda cha nyuzi Thika na kukaa Ruiru, na baada ya kujifungua mtoto wa pili nikaona ngazi za kiwandani zinanimaliza pumzi. Jirani akaniambia kuna kundi la akina mama wanaofanya mazoezi Jumamosi asubuhi, kule chini karibu na mto. Nilidhani ni mambo ya kunyoosha mikono na kupiga stori. Nikaenda nimevaa rinda na ndala.

Mwalimu wetu alifundisha michezo katika shule moja ya msingi kule Kalimoni, mwanamke mwembamba mwenye filimbi shingoni na huruma kidogo sana. Alituchuchumaza, akaturusha kamba, akatulaza kwenye nyasi zenye umande tupige pushapu, na mtu akianza kulalamika aliongeza sauti ya redio kaseti. Mwisho wa yote ulikuwa kilima. Tulikipanda mbio kutoka mtoni mpaka kwenye mkaratusi ulioko kando ya barabara, bila kusimama.

Kilima kilikuwa na sheria moja. Anayefika wa pili kutoka mwisho haruhusiwi kukaa. Anashuka tena, anamchukua wa mwisho, wanapanda pamoja. Mpaka hao wawili waguse mti, hakuna aliyemaliza, hata yule aliyefika wa kwanza na jasho lake limeshakauka.

Wa mwisho nilikuwa mimi, kila Jumamosi. Na aliyeshuka kunichukua alikuwa mama mmoja Mwislamu aliyeuza mitumba sokoni Thika, mtu wa umri wa mama yangu, aliyekimbia na suruali chini ya dera na ushungi umebanwa kwa pini. Aliniwekea kiganja mgongoni na kusema, "Tazama miguu, mwanangu. Huko juu tutapakuta tu."

Kusema kweli, niliudhika. Mimi hasira zangu haziko mbali, na kuchukuliwa na mtu wa umri ule kuliniuma kuliko mapaja. Nyumbani nako mume wangu hakukosa kuniuliza kama leo nimerudi mwenyewe au nimeletwa. Nikaapa kwamba kabla ya Krismasi hakuna mtu atakayeshuka kunichukua.

Basi nikaanza. Wenzangu wakinywa chai, mimi nilikuwa kwenye zile ngazi za kiwandani, napanda na kushuka. Mandazi ya asubuhi nikayaacha, nikarudi kwa uji. Hakuna aliyenipigia makofi. Siku nyingi nilifanya huku nimenuna, na nikagundua kwamba mguu haujali kama umenuna au umecheka, mradi unaupeleka.

Jumamosi moja ya Desemba mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu ulikuwa unashika raba. Katikati ya kilima niliuona mgongo wa yule mama karibu kuliko nilivyozoea. Nikatazama miguu. Nilipoinua kichwa, alikuwa nyuma yangu. Nikagusa mti, nikajitupa chini nikicheka peke yangu. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Mwalimu akaja akasimama karibu na kichwa changu.

"Kutangulia si kufika," akasema, akanyoosha kidole kuelekea mtoni.

Nilikuwa nimesahau. Miezi yote ile niliota kutokuwa wa mwisho, na sikuwahi kufikiri kwamba wa pili kutoka mwisho ana kazi yake. Nikashuka, na nilipomfikia yule mama sikuwa na pumzi wala adabu. Nilimuuliza kama amenionea huruma akaniachia.

"Hiki kilima nani anaweza kumwachia mtu?" akasema, mkono kiunoni. "Umenipita, mwanangu. Umenipita tu."

Nikamwekea kiganja mgongoni, tukaanza kupanda. Hatukuwa tumeenda mbali mapaja yangu yalipoanza kuwaka, na hapo ndipo iliponiingia akilini. Safari hii ya pili ndiyo aliyokuwa akiifanya kila Jumamosi kwa ajili yangu. Yule niliyemdhania mzito ndiye aliyekuwa akipanda kuliko sisi sote, na bado alibaki na pumzi ya kuniongelesha. Mimi nilifungua mdomo nimwambie atazame miguu, sauti ikagoma.

Akasema yeye. "Tazama miguu. Huko juu tutapakuta tu."

Tukaugusa mti pamoja, na akina mama wote wakainuka kwenda nyumbani, kwa maana sasa tulikuwa tumemaliza.

Mume wangu alikuwa mlangoni amembeba mtoto. Akauliza swali lake lile lile, kama leo nimerudi mwenyewe au nimeletwa.

"Nimeletwa," nikamwambia, na nikaingia ndani nikicheka.