Mchonga Ngoma wa Barabara ya Kabambare
Kila mara kabla ya kushika patasi, mchonga ngoma aligonga gogo kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, kisha akatikisa kichwa: bado. Desturi hiyo hakuiacha hata kikohozi kilipombana kifua. Tangu serikali ya Wabelgiji iwahamishie watu wa kijiji chake kando ya barabara ya Kabambare, ngoma yao kubwa ya kupelekea habari ilibaki msituni ikaoza, na misiba yao ikatangazwa kwa mbio za miguu. Hii mpya aliichimba kupitia mwanya mwembamba, akitoa unga wa mti kwa kiganja, na sasa ulikuwa msimu wa pili wa mvua. Mimi nilifundisha wasichana wa misheni, ng'ambo ya njia. Baada ya masomo nilikuja kuketi karibu naye. Alipotaka kuacha nilimwambia, "Leo kiganja kimoja tu, baba." Alinung'unika, akatoa kimoja, halafu cha pili. Siku nilipojitolea kumsaidia alicheka hadi akakohoa. "Mukono ya mwanamuke ikiingia humu, mwalimu, ngoma itasema uongo. Itatangaza kilio, watu watakuja na pombe."

Ngoma ya namna hiyo ina midomo miwili, yaani kingo mbili za mwanya, na sauti mbili. Ule mzito ulikwisha kusema. Mwepesi ulikuwa bado bubu jioni ya mwisho, alipolala kwenye mkeka kando ya gogo, kitambaa chake kina damu. Nilirudia maneno yangu yaleyale, polepole. Alinyoosha mkono, akagonga, akasikiliza, akatikisa kichwa. Kisha akanisukumia patasi. "Kiganja ya leo toa wewe, mwalimu. Mukono yako iko mwembamba."