Mikebe ya Shaba Iliyosuguliwa kwa Ndimu

Nilipofungua mlango wa kibanda nyuma ya nyumba yetu, mtaani Ruashi, nilisimama kizingitini. Mikebe sita ya shaba, iliyofubaa miaka yote, ilikuwa inametameta. Ilinukia ndimu.

Siku tatu nilikuwa nikitafuta mchawi. Rele yetu, mtambo ambao sisi wapenda redio wachache tuliujenga wenyewe, hupokea sauti dhaifu ya mtu wa mbali na kuirusha upya kwa nguvu, papo hapo, kwa antena ileile. Ni kama mtu anayepiga kelele huku anasikiliza mnong'ono. Mikebe ndiyo inayomzuia asijisikie mwenyewe. Kila mmoja una skrubu yake, na kuziweka sawa mara ya kwanza kulinichukua wiki nzima. Sasa rele ilisema vizuri lakini haikusikia kitu, ila mvumo. Nikamlaumu jirani yetu mchomeleaji. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba mashine yake inatuharibia mawimbi, naye, mpole wa watu, akaizima siku mbili. Mvumo haukupungua. Nikadhani anachomelea kwa kificho.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Kaka yangu mkubwa analima mbali, mahali simu haishiki, na mkewe alikuwa katika mwezi wake wa kujifungua. Tulikubaliana uchungu ukianza ataita kwa redio yake kupitia rele, nami nitume gari.

Nikamkuta mama sebuleni, juu ya kiti, anasugua picha zetu za shaba ya kugongwa kwa nyundo, kwa ndimu na majivu, kama afanyavyo kila Pasaka ikikaribia. Nikamuuliza kama aligusa mikebe. Akasema ndiyo, na zile skrubu zilikuwa na uchafu. Alizitoa, akazisugua moja moja, akazikaza mpaka mwisho zisianguke.

"Sauti ya mutoto wangu inapitaka mule," akasema. "Nilitaka ipite mu fasi safi."

Tangu mikebe ile iwekwe, sikuwahi kumweleza mtu yeyote nyumbani kazi ya skrubu hata moja. Niliona hawataelewa.

Nilizirekebisha kwa vipimo nilivyokuwa nimeviandika, toka asubuhi hadi alasiri, mama amesimama mlangoni. Mvumo ulipokatika tu, sauti ya kaka ikaingia, imechoka.

"Mutoto alizaliwa juzi, mu barabara, tulikuwa tunamubeba muke wangu na baiskeli. Beko bazima, bote babili. Lakini niliita, niliita. Juu ya nini hamukujibu?"

Mama akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Niliogopa kumtazama. Nikabonyeza kitufe, nikamjibu kaka.

"Ni mie njo niliharibisha, yaya."

Mama alidhani namsitiri. Nilikuwa nasema kweli tupu, na kwa yule jirani nilikuwa bado sijaenda kumwomba radhi.