Viti Vinavyotazamana

Kati ya nyumba zetu za juu, za watu waliotoka milimani, na kota za wafanyakazi wa kiwandani kulikuwa na kiwanja kitupu. Pande zote mbili zilipita hapo kila siku, kila upande na kijia chake. Mwenyekiti wa mtaa alinikubalia nipafanye mahali pa kukaa, kwa sharti moja: masika yakiisha watu hawajakaa pamoja, zitajengwa fremu za maduka.

Sijasoma usanifu darasani. Nimejifunza kwa video za kwenye simu, na kwa kuwa sina cheti, naogopa kukosea kuliko mwenye nacho. Kila kiti cha zege nilikipima kwa pima maji. Kimoja nilikibomoa kwa mteremko ambao hata fundi hakuuona. Nilivipanga kwa duara. Watu wakitazamana, nilijiambia, watasalimiana, wakisalimiana, watazoeana.

Watu wa kota walikaa. Akina mama wa kwetu, wakishuka na mikungu ya ndizi, walitua mizigo nje ya duara wakakaa chini, wameligeuzia duara mgongo.

"Shikamoo, bibi," nilimwambia jirani yetu. "Mbona unakaa vumbini na viti vipo?"

"Marahaba. Nikae pale nimkodolee macho mkwe wangu?" Alimwonyesha kwa kidevu mwanamume wa kota aliyekuwa akinywa kahawa, mume wa binti yake. "Huko kwenye simu yako hawana wakwe?"

"Mwache," mwenzake alidakia. "Hajaolewa huyo, adabu ya mkwe ataijulia wapi!"

Walicheka. Yule mwanamume aligeuka, akamwona mama mkwe wake, akaacha kahawa nusu na kuondoka.

Mimi sikucheka. Mama yangu mwenyewe huzunguka nyuma ya nyumba mume wa dada yangu akija. Nimeliona hilo miaka yote, na wakati nachora halikunijia hata kidogo. Wale waliokwisha kuchanganyika kwa ndoa ndio niliowafukuza.

"Nitavunja nivipange upya, mwenyekiti," niliomba.

"Zege hilo, binti. Na masika yameisha."

Fremu zimejengwa. Milango yote inatazama kota. Upande wetu ni ukuta mtupu. Bibi yule hutua ndizi zake kwenye kivuli cha ukuta huo, na mkwe wake hupita upande wa pili. Nikimwamkia bibi, huniambia hapa sasa pana nafasi nzuri ya kukaa.