Alama za Majembe kwenye Kenchi za Milepa

Mimi ni mtu wa hasira, sioni sababu ya kulificha hilo. Hasira hizo ndizo zilizonipandisha juu ya ukuta wa shule ya Milepa, mbele ya kijiji kizima, nyundo kiunoni na kitenge nimekikaza kama mtu anayevuka mto. Lakini nianzie karakana.

Miaka ile ya ujamaa kila kijiji kipya kilitaka shule, na kila shule ilitaka paa. Mafundi walikuwa wachache, na kuwapeleka kijiji kwa kijiji, wakapasulie mbao huko huko, kulichelewesha kazi mpaka mvua zinaingia. Fundi mkuu wetu, mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Mbeya, akaja na mpango wake. Kenchi zote, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zitengenezwe karakana kwetu Malangali, mjini Sumbawanga, ziunganishwe pale uwanjani tuone kama zinakaa, kisha zifunguliwe vipande vipande na kupelekwa kijijini kwa trekta. Wanakijiji wenyewe wapandishe kuta tu. Watu walicheka mpaka basi. Sokoni mama mmoja aliniuliza kama siku hizi nyumba zinatiwa kwenye magunia kama viazi.

Sisi wanawake tulikuwa sita, na tuliingia karakana ile kwa kazi ya ndoo. Tuliitwa kuteka maji na kufagia maranda. Ila mimi nilikuwa binti wa seremala. Baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume, akanipa mimi randa na patasi, na majirani waseme watakavyo. Siku mafundi wawili walipokwenda kwao kuvuna ulezi, niliweka ndoo chini nikashika msumeno. Fundi mkuu alikuja, akakishika kiungo nilichokata, akajaribu kukitikisa. Hakikutikisika.

"Nani amekata hiki?"

"Mimi, ndugu fundi."

Hakunisifu, maana hakuwa mtu wa sifa, lakini kesho yake alinipa meza yangu. Baada ya mwezi nilikuwa nimewavuta wenzangu wote watano, hata mama mkubwa, dada yake mama yangu, mjane ambaye hakujua kusoma na ambaye darasa la kisomo alilifanya mahali pa kusinzia. Mikono yake ilikuwa na akili kuliko ya mafundi wengi niliowaona baadaye.

Ndipo ikaja kazi ya Milepa, kule bondeni, kenchi sita. Fundi mkuu alitukusanya.

"Kina mama, sikilizeni. Hizi mtazikata nyinyi. Paa la Milepa likikaa, nawaandika mafundi, kila mtu na jina lake. Likikataa, mnarudi kwenye ndoo. Nimemaliza."

Neno hilo la ndoo liliniudhi siku nyingi.

Sasa, kenchi zetu hazikufanana. Mbao zilikuja zimepinda na unene tofauti, kwa hiyo kila kiungo tulikikata kimfuate mwenzake, na kipande cha kenchi hii hakikubali kukaa kwenye ile. Kabla ya kuzifungua, fundi mkuu alipita na chaki akiandika namba kila kipande. Namba zake zilikuwa nzuri, zimenyooka. Tatizo ni kwamba wanne kati yetu hawakuweza kuzisoma.

Mama mkubwa hakuona tatizo lolote. Kwenye shamba letu la ujamaa, tunapolima matuta kwa pamoja, kila mwanamke ana alama yake kwenye mpini wa jembe, ameichonga kwa kisu, ili wakati wa kula majembe yakirundikwa asichukue la mwenzake. Alama ya mtu haigeuki mpaka anakufa. Basi tukagawana kenchi, kila moja ikabeba alama ya jembe la mmoja wetu. Na ncha mbili zinazokutana tukazikata mikato midogo inayolingana: mmoja na mmoja, miwili na miwili, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Fundi mkuu alipoziona alipandwa na jazba.

"Mnaniharibia mbao za serikali! Nani kawaambia mchonge mapambo? Namba zipo!"

Nilifungua mdomo kumjibu. Mama mkubwa akanikanyaga mguu, nikafunga mdomo.

Siku ya safari mafundi wanaume ndio waliopanda kwenda kuezeka. Mimi na mama mkubwa tulipandishwa pia, lakini kama wapishi. Nilikaa juu ya gunia la unga nimenuna, na kenchi nilizokata kwa mikono yangu zikinigonga mgongoni kila kona. Kwenye miteremko ya kushuka bondeni mvua ya kwanza ya mwaka ikatukuta, mvua ya matone makubwa. Turubai lilikuwa moja. Fundi mkuu akafunika saruji.

Saruji ilifika salama. Namba hazikufika. Tuliposhusha vipande uwanjani Milepa vilikuwa vimetakata kama sahani zilizooshwa.

Kuta zilikuwa tayari, matofali ya kuchoma, yamenyooka, na wanakijiji walikuwa na haki ya kujivuna. Mafundi wakaanza kubahatisha. Waliunganisha, wakafungua, wakagonga, wakalaumiana. Jua likapanda, likaanza kushuka, na hakuna kenchi hata moja iliyosimama. Mzee mwenyekiti wa kijiji aliuliza kwa upole kama mjini hawakupima. Fundi mkuu alikuwa ametoa kofia, anaipindapinda mikononi, na nikasikia anamwambia fundi mmoja kwamba kesho watarudisha mbao zote Sumbawanga. Ndoo niliiona inanirudia hivi hivi.

"Mama mkubwa, nakwenda kuwaambia."

"Kaa," alisema akisonga ugali. "Bado hawajachoka."

Aliwaacha mpaka wakakaa chini wenyewe, kila mtu kwenye ubao wake. Hapo ndipo alipoinuka, mwiko bado mkononi. Akainama kwenye rundo, akapapasa ubao wa kwanza kwa vidole, bila hata kuutazama.

"Huu wangu." Akausogeza kwa mguu. "Huu wako. Huu wa jirani yako, mwenye mapacha. Huu wangu tena."

Alikuwa anazungumza nami kwa Kifipa chetu, na fundi mkuu hakujua Kifipa, kwa hiyo alitutazama kama watu waliorukwa na akili. Lakini rundo lilikuwa linageuka mafungu sita mbele ya macho yake. Nilichukua vipande viwili vya fungu langu, mikato mitatu na mikato mitatu, nikavisukuma pamoja. Vilikaa. Sauti ile ya ubao kuingia mahali pake naisikia mpaka leo, na nikiikumbuka nafurahi upya, sioni aibu kusema.

Mafundi waliruka kama waliofinywa. Wakaanza kubeba, mama mkubwa akiwaelekeza kwa mwiko, huyu huku, yule kule. Vipande vya kenchi ya kwanza vilipopandishwa ukutani, aliyekuwa juu akapiga kelele kwamba haelewi alama, hajui ncha ipi iingie ipi. Sikungoja. Nilipanda ngazi.

Huko nyuma yangu kukawa na minong'ono. Mwanamke juu ya paa haikuwa desturi, kule wala kwetu. Mwenyekiti alikuja chini ya ukuta.

"Binti yangu, shuka. Wanaume wapo."

"Shikamoo, mzee. Nitashuka nikimaliza."

"Marahaba," alisema, maana angesema nini? Na alibaki pale pale ameshika ngazi yangu isiteleze, mpaka kenchi ya tatu ikasimama. Tatu nyingine zilisimama kesho yake asubuhi. Mabati yalipopigiliwa, kina mama wa Milepa walipiga vigelegele ambavyo naamini vilisikika mlimani. Nililia kwa furaha, na mama mkubwa akanicheka mbele za watu.

Tuliporudi Malangali fundi mkuu alitimiza ahadi. Aliandika majina sita kwenye daftari la mafundi, kwa mwandiko wake ule ulionyooka. Kisha akasimama mbele ya meza yangu, mpini wa nyundo yake mkononi, akikohoa kohoa.

"Kazi ijayo ina kenchi nane," alisema. "Nimefikiri, na mimi mnipe alama yangu. Unichongee hapa."

Nilimgeukia mama mkubwa, maana kwetu alama hupewa na mkubwa. Alimtazama fundi mkuu kutoka kofia hadi viatu.

"Mchongee," alisema, safari hii kwa Kiswahili ili mwenyewe asikie. "Lakini sisi wote tulianza na maji."

Fundi mkuu aliitazama ndoo pale mlangoni, akavua kofia akaitundika msumarini. Halafu akaichukua ndoo, akaenda bombani.